Hanesi Niliyoikata Mbele ya Ukoo

Ndugu yangu Ambani,

Baba mdogo Shivachi alitangaza jana, watu walipokuwa wakitoka kanisani, kwamba sitakanyaga tena boma la baba yetu mpaka nilete kondoo wa kukutakasa. Kosa langu, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwamba "nimemkata marehemu kiuno." Niliyaandika maneno hayo palepale kwenye daftari, kama ninavyoandika ya watu wengine kwa ajili ya gazeti, kisha nikamwuliza kama ana la kuongeza.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo jipya. Nilichokata si kiuno chako. Nilikata hanesi yako, ile mikanda ya kiunoni na mapajani uliyokuwa ukivaa kukwea miti. Nimeikata vipande saba na sijutii hata kimoja. Kondoo sina, wala sitamtafuta. Na kwa kuwa baba mdogo alisema mbele ya watu, nami nakuandikia mbele ya watu, ili na wale wanaopanda wasome.

Unakumbuka siku uliyokuja kuniambia umeacha kukata miwa kule Kabras, na kwamba sasa utakuwa mtu wa kupanda miti? Nilicheka. Nikakwambia mtu mzima mwenye mke na mtoto hapandi miti kama tumbili. Ukanijibu, "Dada, tumbili hajawahi kushuka na gunia la mwiritsa." Ukanieleza kwamba mbegu za mwiritsa, ule mti mkubwa wa msituni, hazingoji mtu. Zikikauka zimekufa, kwa hiyo lazima zitolewe juu zikiwa mbichi na zifike kwenye vitalu vya miche upesi, na kwamba mti wenyewe ni mrefu kuliko mnara wa kanisa na hauna tawi la chini. Niliandika habari fupi juu ya kazi hiyo. Mhariri aliikata nusu, lakini wewe uliweka kile kipande cha gazeti kwenye Biblia.

Ulianza na kamba ya ng'ombe. Ulijifunga kiunoni, ukazungusha shinani, ukapanda kwa miguu mitupu, na ukashuka na alama nyekundu tumboni kama mtu aliyechapwa. Kisha rafiki yako wa kiwandani akakuazima hanesi ya mafundi wa vyuma, yenye pete kubwa mgongoni. Uliifurahia kwa siku moja. Jioni ulirudi ukitembea kama umepigwa, ukasema, "Hii inamshika mtu akianguka, lakini haimkalishi. Nimening'inia mule kama kuku wa sokoni." Hapo ndipo ulipojifunza, nami nikajifunza kwako, kwamba hanesi si moja. Ya fundi wa chuma inangoja ajali. Ya mpanda miti ni kiti pia: ina mkanda mpana wa kiuno wenye mto, mikanda miwili ya mapaja, na mahali pa kufungia kamba mbele, ili mtu akae, apumzike na afanye kazi kwa mikono yote miwili.

Ulipopata ya kwako mwenyewe hukungoja siku ya kazi. Ulifunga kamba kwenye boriti ya sebule, ukajitundika, ukakaa. Mama akaingia na sinia la obusuma, ugali wetu, akakukuta miguu haigusi sakafu.

"Yesu wangu! Huyu anafanya nini?"

"Nimekaa tu, Mama. Hiki ni kiti."

"Viti vyangu vimekukosea nini?"

Ulikaa mle mpaka chakula kikaisha, na ulikula humohumo. Ulisema hanesi isiyokalika sebuleni haitakalika juu ya mti, na heri kujua hapo kuliko kule. Ulinionyesha mkanda wa kiuno unavyokaa juu zaidi ya mifupa ya nyonga, si kwenye mifupa yenyewe, ili hata mtu akipinduka kichwa chini asichomoke. Uliniambia nipitishe kiganja kati ya mkanda na paja lako. Kikapita. Ukaniambia nijaribu ngumi. Haikupita. "Basi," ukasema, "kiganja ndiyo, ngumi hapana." Ule ulikuwa mtihani wako, na nimeutumia wiki iliyopita.

Muhonja, binti yako, alikuwa mdogo siku ile. Leo ana miaka ishirini na sita, na yeye ndiye sababu ya mambo haya yote. Miaka sita ya mwisho ya kazi yako alikuwa chini ya mti akishika kamba yako. Sasa ameajiriwa na kikundi cha wakusanya mbegu, na safari hii atakuwa juu. Wazee hawakukataa moja kwa moja. Walisema binti anaweza kupanda, lakini kwa hanesi ya baba yake pekee, kwa sababu "imeshamjua mtu wa ukoo huu." Hilo ndilo lililonitia hofu, maana mimi naijua hanesi hiyo.

Nilikuwapo siku ulipoanguka. Nilikuja na kamera nikitaka picha ya mwiritsa. Ulikuwa umekanyaga tawi lililooza kwa ndani, na kamba yako ilikuwa na ulegevu ambao haukupaswa kuwapo. Tawi likakatika. Ulishuka urefu wa nyumba nzima kabla kamba haijakaza. Nilisikia mlio wake, kama mtu amechana shuka jipya. Ukaning'inia hapo, uso umepauka, ukasema neno ambalo Mama asingependa nilirudie. Muhonja alikushusha polepole. Mapaja yako yalikuwa na michubuko ya rangi ya zambarau mwezi mzima.

Jumapili yake ulienda na hanesi kanisani ukatoa ushuhuda. Uliinyanyua juu, watu wakapiga makofi, mchungaji akaiombea. Sikukuzuia. Ulikuwa hai na ilikuwa haki yako kushukuru. Lakini tulipofika nyumbani uliiweka mezani, ukapitisha vidole kwenye mishono yote, ukanionyesha kitanzi cha mbele, kile kinachobeba kamba. Kitambaa cha nje kilikuwa kimechanika, na ndani ulionekana uzi mwekundu.

"Huu watengenezaji waliuficha makusudi," ukasema. "Ukiuona tu, hanesi imekufa. Hata ningekuwa sijauona, baada ya mshtuko ule ni maiti. Imetumia maisha yake yote siku moja."

"Basi ikate."

"Lazima ikatwe. Ukiitupa nzima, kuna mtu ataiokota."

Ulichukua kisu. Ukaishika hanesi muda mrefu. Kisha ukakirudisha kisu jikoni. "Dada, unakataje kitu kilichokushika? Nitaikata kesho."

Hapo nakulaumu, Ambani, hata kama si adabu kumlaumu marehemu. Kesho hiyo haikufika. Uliitundika kwenye msumari karibu na dirisha, jua la asubuhi likaipiga miaka minne. Hukuivaa tena hata mara moja. Ulipanda kwa nyingine ya kuazima mpaka figo zilipokukataza kazi. Lakini kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Hii ndiyo ilimshika." Nawe ukakaa kimya. Ulitufundisha sisi wote kuikata hanesi ikifa, ukaiacha ya kwako itembelewe kama mtakatifu.

Ulipofariki, Mama aliitoa msumarini. Alitaka iwekwe juu ya jeneza wakati wa mazishi, na haingewekwa na madoa. Akailoweka usiku kucha kwenye dawa ya kung'arishia shuka nyeupe, akaisugua kwa brashi na kuianika juani. Hakukosea kwa nia mbaya. Alifanya alilojua kufanya kwa nguo ya mtoto wake. Lakini wewe uliniambia mwenyewe kwamba hanesi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, hukaushwa kivulini, na kwamba dawa kali huila kamba kimya kimya bila kuacha jeraha. Siku ya mazishi iling'aa kama ya dukani. Kati ya vitu vyako vyote, kile kilichokufa zamani ndicho kilichoonekana kipya.

Sasa nakueleza siku ya kugawa vitu vyako, kwa sababu umeshasikia upande wa baba mdogo.

Tulikuwa uani saa sita mchana. Koti lako alipewa mwana wa dada yetu, na lilimfika magotini, watu wakacheka. Panga likaenda kwa jirani aliyekuuguza. Viatu, redio, jembe. Kisha baba mdogo akainua hanesi kwa mikono miwili na kumwita Muhonja.

"Vaa, mama. Tukuone."

Muhonja aliivaa juu ya gauni lake la maombolezo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akalia. Mtoto wako alisimama wima kama askari, na nakiri kwamba alifanana na wewe. Baba mdogo, akitaka watu waone jinsi inavyofanya kazi, akachukua kamba na kuifunga kwenye kile kitanzi chepesi cha pembeni.

"Baba mdogo," nikasema, "hapo ni pa kuning'inizia msumeno. Hapabebi mtu."

"Aa, mwandishi. Basi tuonyeshe penyewe."

Nikaenda. Nikashika kitanzi cha mbele, nikakifunua kwa vidole, na nikamwambia kila aliyeweza kusogea asogee aone uzi mwekundu. Baada ya dawa ya Mama ulikuwa umefifia ukawa kama wa waridi, lakini ulikuwepo. Nikaeleza kila ulichonieleza: ule mshtuko, lile jua, ile dawa. Nilieleza polepole, kwa sauti ya kusoma taarifa. Nikasema hanesi hii haifai kumbeba hata mbuzi.

"Wee mtoto wa ndugu yangu," baba mdogo akasema, "hii ni kamba ama ni maziwa ya pakiti? Ati imepita tarehe?"

Watu wakacheka.

"Ina tarehe, ndiyo. Iko hapa kwenye lebo, na imepita."

"Hata sisi wazee tumepitanga tarehe. Utatukata?"

Wakacheka zaidi, na mimi mwenyewe karibu nicheke, maana mzee anajua kuongea. Kisha akageuka akawa mkali. "Ilimshika baba yake, itamshika yeye. Wewe umesoma mpaka umeogopa kamba. Kitu cha marehemu kikishatolewa hakirudishwi."

Nikamwuliza Muhonja. Nilitarajia angeniunga mkono, kwa sababu alikuwa chini ya mti siku ile na ameukusanya ujuzi wako kuliko mimi. Akaniangalia mimi shangazi yake, machozi yakimtoka.

"Senge, nitajua vile nitaiangalia. Nitakuwa naipanda nayo miti mifupi tu. Usininyang'anye hii."

Hapo ndipo nilipoamua. Kwa wale wazee hasira ilinitosha. Kwa maneno yake niliogopa, kwa sababu hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyokufa, akijiambia ni mti mfupi. Nikamfungua mkanda wa kiuno na mikanda ya mapaja. Hakunizuia, alidhani nataka kuionyesha tena. Nikaenda kwenye meza ya akina mama waliokuwa wakikatakata mboga, nikaomba kisu, nikapewa. Nikakata kitanzi cha mbele kwanza, kwa sababu hicho ndicho kingewadanganya. Kisha mapaja, kisha kiuno mara mbili, kisha vilivyobaki. Kisu kilikuwa butu na kazi ilichukua muda. Mkanda wa paja la kushoto sikumaliza kuukata. Nilipofika katikati niliuvuta tu, ukachanika mkononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Nilikiinua kipande hicho juu ili kila mtu akione, nikamwita mchungaji aje auvute uliobaki. Akauvuta. Ukachanika.

Ndipo baba mdogo aliposema kwa mara ya kwanza kwamba nimekukata kiuno. Mama aliingia ndani. Muhonja aliokota vipande vyote, akavifunga kwenye leso, akaondoka bila kuniaga.

Hakunisemesha siku tisa. Nilimpigia simu kila asubuhi na kila asubuhi ikaita mpaka ikakatika. Siku ya kumi alikuja nyumbani kwangu mjini akiwa na ile leso. Akaweka kipande cha paja la kushoto mezani.

"Mulembe, senge."

"Mulembe."

"Nimevuta hizi zingine moja moja. Tatu zimekatika."

Nikamwekea chai.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Kasirika. Ukiwa hai."

Akacheka kidogo, bila kutaka. Kisha akaniuliza nitakwenda naye lini dukani.

Tulienda Ijumaa. Ungempenda siku ile, Ambani. Muuzaji alimletea ya kwanza, ya bei nafuu, akamwambia zote ni sawa. Muhonja akatafuta lebo, hakuona jina la mtengenezaji wala mwaka wala namba. Akairudisha. "Kitu hakina jina la baba, mimi sikipandii." Ya pili ilikuwa ya pete ya mgongoni. Akamwambia muuzaji yeye si fundi wa bomba la kiwanda. Ya tatu ilikuwa ya miti, yenye lebo kamili na kijitabu chake. Akaivaa juu ya nguo za kazi, si za mji, kwa sababu alikuja nazo kwenye mfuko. Akavuta kila kifungo mpaka kikabana, akahakikisha mkia wa mkanda umebaki mrefu vya kutosha usichomoke. Kisha akanigeukia.

"Senge, kiganja."

Kikapita.

"Ngumi."

Haikupita.

Akamwomba muuzaji boriti. Muuzaji akamwangalia kama mwendawazimu, lakini akampa. Binti yako akaning'inia katikati ya duka robo saa nzima, wateja wakipita pembeni yake. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari akauliza, "Huyu naye anauzwa?" Muhonja akamjibu kwamba yeye ameshachukuliwa na mwiritsa. Aliposhuka miguu haikuwa na ganzi. Tukaichukua.

Jioni hiyo aliandika kwenye daftari siku ya kununua, na akaacha kurasa za kuandika kila ukaguzi. Amenikatalia nisiandike jina lake kwenye mkanda kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino nao hula. Anaiweka kwenye mfuko wa nguo, sandukuni, mbali na dirisha, mbali na petroli na mafuta ya msumeno. Mwenzake wa kazi, kijana wa Malava anayepanda vizuri, atamkagua kabla ya kila mti naye atamkagua, kwa sauti, kifungo kwa kifungo, hata kama wamechoka na hata kama wamekasirikiana. Na hakuna anayepanda ikiwa chini hakuna mwingine mwenye hanesi yake mwenyewe anayejua kupanda kumchukua. Hilo ulinisisitizia mara nyingi: aliyezirai ndani ya hanesi hawezi kungoja watu waende kutafuta ngazi. Hanesi huzuia mtu asifike chini. Kumleta chini ni kazi ya watu.

Nimeambiwa nijishushe kwa wazee ili mambo yaishe. Mama pia ameniomba, kwa upole, na kwake peke yake nimeomba radhi, kwa sababu nilikata mbele ya macho yake kitu alichokiosha kwa mikono yake. Sikuomba radhi kwa kukata. Nikikubali kondoo nitakuwa nimekubali kwamba lilikuwa kosa, na mwakani mpanda miti mwingine wa ukoo mwingine atarithishwa hanesi iliyokufa, na dada yake atakumbuka yaliyonipata akae kimya. Koti la marehemu hukaa kwa yeyote. Hanesi haikai. Kama hilo ni tusi kwa mila, basi mila na ijifunze neno hili moja jipya, imeshajifunza mengi kabla yake.

Ninakukosa. Naliandika mara moja, kwa kuwa ni kweli na halihitaji maelezo. Ninakukosa zaidi ninapokuwa na hakika, kwa sababu ulikuwa mtu pekee uliyeniambia "hapo umekosea" bila kupandisha sauti. Nimejaribu kukusikia ukiniambia hivyo kuhusu hanesi. Sikusikii. Nasikia tu kisu ulichokirudisha jikoni.

Lala, Ambani. Ile kazi ya kesho imekwisha fanyika.

Alhamisi hii saa mbili asubuhi Muhonja anapanda mwiritsa wake wa kwanza, upande wa msitu unaotazama mto. Wazee wamepanga kikao changu Alhamisi hiyohiyo, saa tatu. Nimemtumia baba mdogo ujumbe kwamba saa tatu nitakuwa chini ya mti. Kikao kikitaka kunisubiri, kinisubiri. Kikitaka kuja kule, kinakaribishwa, ila kila mzee aje na helmeti.

Mimi dada yako,
niliyekuachia ziwa la mama.